Munganga wa jicho moja aliyetaka kujua tunakula nini: maisha ya Denis Burkitt

Kama unaishi Butembo au Beni, unajua ginsi mambo yanavyokwenda mtu akianza kuumwa tumbo. Jirani wa kwanza anasema ni amibi. Jirani wa pili naye anasema ni amibi. Anakwenda kwenye duka la dawa, anapewa vidonge vya amibi. Na mara nyingi ni kweli, kwa sababu maji yetu tunayajua. Lakini wako watu, si wengi, ambao wanameza vidonge hivyo mara tatu, mara nne, na damu inaendelea kutoka chooni, kilo zinapungua, nguo zinakuwa kubwa mwilini. Siku moja munganga anawapima vizuri na kuwaambia kwamba matumbo yao yana uvimbe na vidonda ambavyo havikuletwa na mdudu. Ni ugonjwa wa Crohn, ama ni vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa wa kukaa nao miaka mingi. Swali la kwanza ambalo mgonjwa anauliza, na mama wa nyumbani analirudilia, ni moja: sasa nikule nini?

Kuna mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kufuatilia swali hilo, na alianzia hapa karibu na sisi, ng'ambo ya Kasindi, kule Uganda. Jina lake Denis Burkitt. Wanafunzi wa udaktari wanalijua jina hilo kwa sababu ya kansa moja ya watoto. Habari ya chakula inajulikana kidogo zaidi, na hiyo njo tunataka kuieleza leo.

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji mdogo wa Enniskillen, kaskazini mwa kisiwa cha Ireland. Baba yake alikuwa injinia wa barabara wa jimbo, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Alikuwa akiwafunga ndege wadogo alama miguuni na kuandika kwenye karatasi kila mmoja anaishi sehemu gani ya bustani na mpaka wake unaishia wapi. Mtoto alikua akiona hivyo: baba anachora ramani ya vitu ambavyo watu wengine wanavipita tu. Kumbuka jambo hilo, maana litarudi.

Alipokuwa na miaka 11, watoto walirushiana mawe, miwani yake ikavunjika na kioo kikaingia jichoni. Jicho la kulia likapotea. Alianza masomo ya uinjinia Dublin kama baba yake, halafu akageuka akachukua udaktari, akamaliza mwaka 1935. Alikuwa Mkristo wa imani kali na alitaka kufanya kazi Afrika. Alipoomba kazi kwa serikali ya kikoloni, wakamkataa: munganga wa kupasua mwenye jicho moja, hapana. Vita vya pili vya dunia vikamfungulia mlango, kwani jeshi la Uingereza halikuwa na nafasi ya kuchagua sana. Likamtuma Kenya, Somalia, kisha Ceylon. Mwaka 1943 alimuoa Olive Rogers, wakapata watoto watatu, wote wasichana. Vita vilipokwisha, mwaka 1946, serikali ikakubali kumpeleka Uganda.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika nchi ya Walango. Alikuwa peke yake na wagonjwa wengi sana, na kazi moja iliyorudi kila siku ilikuwa kupasua mabusha. Mtu mwingine angepasua na kulala. Burkitt alianza kuuliza kila mgonjwa anatoka wapi, akaona kwamba mashariki ya wilaya mabusha yalikuwa mengi sana na magharibi karibu hayakuwepo. Akaandika. Hapo ule mchezo wa baba na ndege ukawa njia yake ya kufanya kazi: kabla ya kuuliza ugonjwa unaletwa na nini, uliza kwanza uko wapi na hauko wapi.

Mwaka 1948 alihamia Kampala, hospitali ya Mulago, ile ambayo hadi leo watu wa kwetu wenye uwezo wanavuka mpaka kwenda kutafuta matibabu. Kule kulikuwa na munganga mwingine, Hugh Trowell, Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1929 na Uganda mwaka 1935. Trowell alikuwa mmoja wa waganga waliopigana sana kuonyesha kwamba kwashiorkor, ule ambao ndugu zetu wa Bukavu wanauita bwaki, unaletwa na chakula kibaya, haukuwa ugonjwa wa minyoo wala wa kurithi. Mwaka 1957 Trowell alimwita Burkitt aje kuona mtoto wa miaka mitano ambaye mataya yake yalikuwa yamevimba pande zote nne. Burkitt hakujua ni nini. Wiki chache baadaye, Jinja, akaona mtoto mwingine vile vile. Alianza kutafuta katika vitabu vya hospitali, akatuma karatasi zenye picha kwa waganga wa Afrika kuuliza kama wamekwisha kuona kitu kama hicho.

Mwezi wa kumi mwaka 1961 akaondoka Kampala na marafiki wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari kuukuu. Williams alikuwa munganga wa misheni ya Kuluva, karibu na Arua, si mbali na mpaka wetu wa Ituri, na alijua kutengeneza gari likiharibika. Walizunguka wiki kumi, kilomita karibu 16,000, kushuka mpaka Afrika Kusini, wakiingia hospitali zaidi ya 50 na kuuliza kila mahali swali lile lile. Safari nzima iligharimu pauni mia sita na kitu. Ramani waliyorudi nayo ilionyesha kwamba kansa hiyo inapatikana penye joto na mvua. Karibu na mstari wa ikweta, ukipita mita 1,500 hivi za urefu, inapotea. Tukifuata ramani yake, Beni iko ndani na Butembo, ambayo iko juu ya mita 1,700, iko nje! Baadaye waganga walielewa kwamba malaria ina mkono katika jambo hilo, pamoja na virusi ambavyo Anthony Epstein na wenzake wa London walivigundua mwaka 1964, kutokana na nyama za uvimbe zilizotumwa kutoka Uganda. Na watoto kadhaa wa Mulago walipona kwa dawa kidogo tu, jambo ambalo wakati ule watu hawakulitegemea kwa kansa.

Kama angeishia pale, jina lake lingetosha. Lakini mwaka 1966 alirudi Uingereza, na mwaka uliofuata akakutana na munganga wa jeshi la majini, Peter Cleave, mzee ambaye wenzake walimwona kama mtu wa wazo moja. Cleave alisema sukari na unga mweupe vinaharibu miili ya watu wa Ulaya: kukosa choo, bawasiri, apendisiti, mawe ya nyongo, kisukari. Watu wengi walikuwa wamekwisha kumsikiliza na kwenda zao. Burkitt alisikiliza na kushtuka, kwa sababu alikuwa amepasua watu Uganda miaka karibu 20 na magonjwa hayo alikuwa ameyaona mara chache sana. Uingereza yalijaza vitanda. Kwa muda wote ule aliangalia wagonjwa waliokuja, hakuangalia ambao hawakuja.

Akarudi kwenye njia yake. Alikuwa anajulikana sasa, na alikuwa na marafiki katika hospitali za misheni zaidi ya mia moja za Afrika, hospitali za aina ya ile tunayoijua sisi kule Oicha. Akawaandikia kila mara: mwezi huu umepasua apendisiti ngapi? Umeona kansa ya utumbo mpana? Umeona vidonda vya utumbo mpana? Majibu yalifanana. Vijijini, magonjwa hayo yalikuwa haba. Mijini, kwa watu waliokwisha kubadilisha chakula, yalikuwa yanaanza kuonekana, apendisiti ikitangulia.

Halafu akafanya kitu ambacho waganga wakubwa wa London waliona aibu kukitaja mezani. Alitaka kupima choo. Pamoja na Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa Uingereza, aliwapa watu vipande vidogo vya plastiki vya kumeza, visivyodhuru, ambavyo vinaonekana kwa picha ya eksirei. Kisha choo kilikusanywa katika mifuko, kikapimwa kilo na kupigwa picha, ili kujua vile vipande vimechukua saa ngapi kupita tumboni. Matokeo yalitoka mwaka 1972, watu karibu 1,200 kwa jumla. Kwa wanakijiji wa Uganda, chakula kilipita kwa siku moja na nusu hivi, na choo cha siku kilikuwa zaidi ya gramu 400. Kwa wanajeshi wa majini wa Uingereza na wake zao, zaidi ya siku tatu, na gramu 100 tu. Unaweza kucheka, na Burkitt mwenyewe alikuwa anapenda watu wacheke. Katika hotuba zake alionyesha picha za vinyesi ambazo alizipiga asubuhi na mapema pembeni ya njia za vijiji vya Afrika. Lakini fikiria pia upande wa pili: miaka mingi wazungu walikuja kwetu kutuambia chakula chetu ni cha watu maskini, na huyu mmoja anasimama mbele ya maprofesa anasema, chakula cha yule mkulima kinashinda chenu.

Tofauti ilikuwa nini? Burkitt alijibu: nyuzinyuzi. Ni ile sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kusaga: ganda la maharagi, pumba za mahindi na ngano, mishipa ya majani ya sombe na lengalenga, nyama ya ndizi, mihogo na viazi. Trowell, ambaye alikuwa amestaafu na kuwa mchungaji wa Kianglikana, alirudi kwenye kazi na kusaidia kueleza neno hilo kwa wataalamu. Mwaka 1975 walitoa kitabu pamoja. Siku hizi tunajua zaidi kuliko walivyojua wao: nyuzinyuzi zikifika katika utumbo mpana, vijidudu vizuri vinavyoishi humo vinazila na kutoa asidi ambayo inalisha ukuta wa utumbo na kutuliza uvimbe. Burkitt aliona zaidi uzito na mwendo wa choo. Hiyo ya vijidudu ilikuja kueleweka vizuri baada yake.

Waandishi wa magazeti ya Ulaya na Marekani wakamwita Mtu wa Pumba. Alizunguka dunia nzima akihubiri mkate mweusi, maharagi na choo kikubwa. Hapo, kwa maoni yetu, njo alipokwenda mbali kidogo. Mtu aliyekuwa mwangalifu sana na ramani ya kansa alianza kuweka magonjwa mengi katika mfuko mmoja. Wenzake walimwambia kwamba hospitali ndogo ya kijiji haina vyombo vya kuona ugonjwa wa Crohn, basi kutouona si kusema haupo. Tena, kansa ya utumbo ni ya wazee, na vijijini wakati ule wazee hawakuwa wengi. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Mwaka 2000 majaribio mawili makubwa ya Marekani yalionyesha kwamba kuwapa watu pumba au nyuzinyuzi nyingi kwa miaka michache hakukuzuia vinyama vya utumbo kurudi. Utafiti mwingine mkubwa wa baadaye ulimrudishia haki kwa sehemu: watu wanaokula nyuzinyuzi nyingi maisha yao yote wanapata kansa hiyo kidogo zaidi. Kwa ugonjwa wa Crohn, uchunguzi wa wauguzi wa kike wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 uliona kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi, hasa za matunda, waliupata mara chache zaidi. Kwa vidonda vya utumbo mpana tofauti hiyo haikuonekana.

Kuna sehemu moja ambapo alisaidia kugeuza matibabu kabisa. Zamani, mtu mwenye vifuko vidogo vinavyojitokeza kwenye ukuta wa utumbo mpana alikatazwa vyakula vyote vigumu na kupewa mkate mweupe na vitu laini. Painter aliwapa wagonjwa wake pumba, na wengi wakapata nafuu. Waganga walikuwa wamewanyima watu kile walichohitaji.

Sasa, mgonjwa wetu wa Butembo asome hapa polepole. Kujikinga na kujitibu ni mambo mawili. Mtu mzima mwenye afya akila bugali ya unga usiokobolewa, maharagi, sombe na matunda, anafanya vizuri. Lakini mtu ambaye matumbo yake yamekwisha kuvimba na kutoa damu, siku ambazo ugonjwa umepanda, sahani kubwa ya maharagi na maganda yake, mahindi ya kuchoma, karanga nzima au kabichi mbichi vinaweza kumtesa. Kwa mwenye ugonjwa wa Crohn ambao umefanya utumbo ukawa mwembamba mahali fulani, vitu hivyo vinaweza hata kuziba njia, akatapika, tumbo likajaa kama ngoma. Siku kama hizo chakula kiwe kilichoiva sana na kisicho na maganda: viazi vilivyopondwa, wali, ndizi mbivu, yai, samaki, supu ya maharagi iliyochujwa. Ugonjwa ukitulia, arudishe mboga kidogo kidogo. Sombe ina bahati yake, kwani mama anaitwanga na kuipika saa nyingi mpaka inakuwa laini, mradi mafuta ya ngazi na pilipili visizidi.

Kosa jingine ni la kuogopa. Wagonjwa wengine wanaacha nyama, halafu mayai, halafu maharagi, halafu maziwa, kila jirani anaongeza chake cha kukataza, mpaka anabaki na chai na wali. Mtu huyo amekwisha kupoteza damu, na sasa ananyima mwili hata kile ambacho ungejengea. Trowell aliwaona watoto wa Mulago wakivimba miguu kwa kukosa vyakula vya kujenga mwili. Mkubwa naye anaweza kudhoofika kwa njia hiyo. Kama chakula fulani hakikuletei shida, usikiache kwa sababu ya maneno ya watu. Na chakula hakichukui nafasi ya dawa.

Na amibi? Ziko palepale. Kwetu munganga lazima azitafute kwanza, na atafute kifua kikuu cha matumbo, ambacho kinafanana sana na ugonjwa wa Crohn. Dawa za kutuliza uvimbe za aina ya prednisolone, zikimezwa na mtu mwenye amibi ambazo hazijatibiwa, zinaweza kufanya utumbo utoboke. Kwa hiyo dawa hizo tusizinunue sokoni kwa ushauri wa rafiki. Damu chooni zaidi ya wiki moja, homa, kupungua kilo: hospitali, na mapema.

Burkitt alipokea heshima nyingi, tuzo ya Lasker mwaka 1972 na nyingine baadaye, lakini waliomjua wanasema alibaki mtu wa kawaida. Alikufa tarehe 23 Machi 1993 huko Gloucester, Uingereza, akiwa na miaka 82. Mulago, kile kituo kidogo cha kutibu watoto wa ile kansa kilikua na kuwa Taasisi ya Kansa ya Uganda, iliyofunguliwa mwaka 1967, na wagonjwa kutoka nchi jirani wanafika hapo mpaka leo.

Kuhusu chakula, swali lake limetuhamia sisi. Asubuhi mjini Butembo, mtoto anakwenda shule na beignet ya unga mweupe na soda, vitu vinavyopita Kasindi kwa malori. Kule Beni na Oicha, familia zilizokimbia mashamba sababu ya vita haziwezi tena kuchuma sombe yao. Zinakula unga uliofika katika mifuko, na hilo si la kuchagua. Miaka 60 iliyopita munganga wa jicho moja angetuweka upande wa vijiji katika ramani yake. Leo sijui angetupaka rangi gani.

Mwaka 2025 watafiti wa Moshi, Tanzania, na wenzao wa Uholanzi walitoa matokeo ya jaribio ambalo Burkitt angelipenda. Walichukua wanaume 77 wenye afya. Wengine waliozoea chakula cha asili, mboga, maharagi, ndizi na ulezi, walipewa chakula cha mjini kwa wiki mbili. Wengine wa mjini wakapewa cha asili. Kundi la tatu wakanywa mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachuka, ndugu yake na kasiksi yetu, kwa wiki moja. Kwa waliohamia chakula cha mjini, alama za uvimbe katika damu zilipanda, na kinga ya mwili ikawa dhaifu kidogo mbele ya vijidudu. Kwa waliorudi kwenye chakula cha asili, zilishuka. Wiki nne baada ya jaribio kwisha, sehemu ya mabadiliko hayo ilikuwa bado inaonekana katika damu yao.